Nilivyowapikia wazee wa Ohio vyakula walivyovipenda marais wao

Mimi ni mpishi katika nyumba moja ya wazee hapa Columbus, Ohio. Jumatatu ya tatu ya Februari ni sikukuu ya marais Marekani nzima, na kwetu jikoni sikukuu hiyo ilikuwa ni vikeki vilivyochomekwa bendera za karatasi, basi. Siku moja dada anayesimamia shughuli za wazee akaja kuniuliza kama hatuwezi kufanya jambo lenye uzito kidogo. Nikamwambia tuwapikie vile vyakula ambavyo marais wenyewe walivipenda. Akashika mlango, akaondoka ameridhika, kazi ikabaki kwangu.

Ugumu haukuwa kupika, ulikuwa kuchagua. Wazee wetu wengi wana meno ya bandia au hawana kabisa. Wapo wenye kisukari, wapo wenye presha, na mtaalamu wetu wa lishe hupitia kila sufuria kama afisa wa forodha. Halafu kuna siasa. Wazee hawa wanakaa meza kulingana na vyama. Ukimpikia Kennedy wa Democrat ukamwacha Reagan wa Republican, utasikia. Na Ohio ni jimbo linalojivunia marais wake: Grant, Hayes, Garfield, Benjamin Harrison, McKinley, Taft na Harding wote walizaliwa hapa.

Orodha za mtandaoni hazikunisaidia sana, maana nyingi zimejaa vyakula vya dhifa. Dhifa haisemi lolote kuhusu anachokipenda mtu. Taft alipokwenda Atlanta Januari 1909, kabla hajaapishwa, walimwandalia oposamu mzima na viazi vitamu, naye akala. Huyo oposamu ni mnyama mwenye mkia kama wa panya anayepita usiku kwenye mapipa ya taka. Huwezi kuniambia nimpikie mtu kwa sababu hiyo. Basi nikajiwekea kanuni yangu: nitafute alichokula mkubwa huyo akiwa peke yake, amechoka au ana huzuni. Nixon, siku zake za mwisho ofisini Agosti 1974, aliletewa chakula cha mchana kwenye trei ya fedha, na picha yake ipo: vipande vya nanasi na jibini laini ya chengachenga, pembeni glasi ya maziwa. Hapakuwa na mgeni wa kumvutia. Hicho ndicho chakula chake.

Nilipoishika kanuni hiyo, orodha ilifupika haraka, na karibu kila kilichobaki kilikuwa chakula cha kule mtu alikokulia. Carter, mtoto wa mkulima wa karanga wa Plains, Georgia, alibaki na uji wake mzito wa mahindi. Kennedy alibaki na supu nzito ya kome wa pwani ya Massachusetts. Johnson alibaki na chili, nyama ya pilipili ya Texas. Supu ya Kennedy niliiondoa kwa sababu ya gharama na ya mzee mmoja anayevimba midomo akila vitu vya baharini, nikawatuliza watu wa Kennedy kwa kuwaahidi Johnson, wa chama chao hichohicho.

Nilianza na Washington, na hapo wazee wetu walikuwa na bahati, kwa sababu huyu bwana alikuwa na shida yao ileile. Alipoapishwa mwaka 1789 alikuwa amebakiwa na jino moja tu la kwake. Asubuhi alikula vikeki vya unga wa mahindi viitwavyo hoekeki, vimeloa siagi na asali, na chai. Nelly Custis, mjukuu wa mkewe, aliandika jinsi vinavyotengenezwa. Unga unachanganywa na hamira na maji vuguvugu jioni, unalala, asubuhi unaongeza yai, chumvi na maji mpaka uwe wa kumiminika, kisha unakaanga juu ya bamba la chuma.

Niliukoroga usiku kabla ya kwenda nyumbani. Alfajiri nilipofunua ndoo, uso wake ulikuwa na matundu madogomadogo na harufu ya uchachu mwepesi. Unga wa Kimarekani una chengachenga kuliko sembe yetu, kwa hiyo ukiumimina bila kuusubiri unakupa kikeki chenye mchanga mdomoni. Kinachosaidia ni kuupa muda wa kunywa maji tena baada ya yai, na moto mdogo: unamimina upawa, unangoja pembeni pakauke na pawe na rangi ya kahawia, ndipo unageuza. Siagi inawekwa kikiwa bado kinafuka, la sivyo haiingii ndani. Mwenzangu wa jikoni, mama wa Bukavu, alionja cha kwanza akaguna: "Eh dada, hii si bugali ya kukaanga?" Sikubishana naye. Unga wenyewe ulikuwa wa njano, ule ambao mama yangu kule Tanga hataki hata kuuona, maana unamkumbusha njaa ya miaka ya 1970 na mahindi ya msaada.

Ila sikuweza kumweka Washington mezani peke yake. Aliyekuwa akimpikia Philadelphia, Pennsylvania, mji mkuu wa wakati huo, ni Hercules, mtumwa wake, mpishi aliyesifika mji mzima na aliyevaa vizuri kuliko wageni wengi wa bwana wake. Sheria ya Pennsylvania ilimpa uhuru mtumwa wa namna yake akikaa huko miezi 6 mfululizo, kwa hiyo Washington alikuwa akiwarudisha Virginia kabla siku hazijatimia. Tarehe 22 Februari 1797, siku Washington alipotimiza miaka 65, Hercules alitoroka kutoka Mount Vernon, shamba la Washington huko Virginia, na hakupatikana tena. Nilipolijua hilo niliamua kila chakula kiwe na kadi, na kwenye kadi jina la mpishi liandikwe kwa herufi kubwa sawa na la rais. Pale ambapo jina sikulipata, niliandika tu jina la chakula.

Makaroni na jibini yalinipunguzia kazi: bakuli moja, marais wawili, vyama viwili. Reagan aliyapenda sana mpaka uzeeni. Jefferson aliyaleta mezani kwake zamani hizo yakiwa kitu kigeni kiasi kwamba mgeni mmoja mwaka 1802, mbunge Manasseh Cutler, aliandika kwamba hayakumpendeza. Kadi ya hapo niliandika jina la James Hemings. Huyu alikuwa mtumwa wa Jefferson, aliyempeleka Paris mwaka 1784 akajifunza upishi wa Kifaransa, na alipotaka uhuru wake aliambiwa kwanza amfundishe mtu mwingine kazi hiyo. Akamfundisha mdogo wake Peter, na mwaka 1796 akaachiwa. Makaroni yenyewe niliyachemsha kupita kiasi kwa makusudi. Mpishi wa hotelini angenicheka, lakini kijiko cha mzee kinajua kwa nini.

Kilichonipa vita ni chili ya Johnson. Mtaalamu wa lishe aliiona kwenye karatasi akaipiga mstari mwekundu: nyama ya kusaga, mafuta, chumvi, pilipili. Nikarudi kwake na historia. Johnson alipata mshtuko wa moyo Julai 1955, akiwa bado seneta. Septemba ya mwaka huohuo Eisenhower naye akapata wake, akiwa rais. Baada ya hapo jikoni kwa Johnson kulibadilika, na chili yake ni nyama isiyo na mafuta mengi, vitunguu, kitunguu saumu, nyanya za kopo, oregano, unga wa pilipili na bizari nyembamba, ileile ya pilau. Maharagwe hayamo, na mtu wa Texas usimwambie kuna chili yenye maharagwe. Inachemka taratibu kama saa nzima na mafuta yanayoelea juu yanaenguliwa. Watu wengi waliomba maelekezo yake hata mkewe, Lady Bird, akayachapisha kwenye kadi za kugawa.

Nikamweleza pia kuhusu Zephyr Wright. Huyu ndiye aliyewapikia akina Johnson tangu 1942, mwanamke mweusi wa Marshall, Texas. Aliwahi kumwandikia rais ujumbe akimwambia kwamba amekuwa bosi wake miaka mingi, sasa zamu imegeuka: ale anachowekewa, asiombe nyongeza, na asilalamike. Mtaalamu wetu alicheka mpaka akavua miwani. Tukaafikiana: nyama ya bata mzinga nusu na ya ng'ombe nusu, nyanya za kopo zisizo na chumvi, ipikwe siku moja kabla, ilale kwenye friji ili mafuta yagande juu tuyaondoe yote, na pilipili iwekwe mezani badala ya sufuriani. Bizari niliikaanga kavu kwanza, nikaitwanga. Hilo halikuwa kwenye kadi ya Lady Bird, ni la Tanga, na nadhani ndilo lililofidia chumvi.

Supu ya mboga ya Eisenhower haikuwa na mgogoro. Yule jenerali aliyekuja kuwa rais alikuwa mpishi kweli, akipika mwenyewe kwa raha zake, na maelekezo yake yanaanza na mifupa ya ng'ombe inayochemshwa, kupozwa na kuenguliwa mafuta kabla mboga na shayiri hazijaingia. Mwishoni anataka mashina ya ua la nasturtium yaliyokatwakatwa. Februari kuna theluji hadi magotini, ua nitalitoa wapi? Niliacha.

Siku yenyewe ilipofika, wa kwanza kunikamata alikuwa mzee mmoja mwalimu mstaafu wa historia. "Grant yuko wapi?" Nilikuwa nimejiandaa. Grant alikuwa mtoto wa mtengeneza ngozi, akachukia kuona damu maisha yake yote. Nyama kwake ilikuwa lazima iive mpaka ikauke, na kuku hakumgusa, akisema hawezi kula kitu kinachotembea kwa miguu miwili. Alipokuwa jenerali katika Vita vya Wenyewe kwa Wenyewe, kuna asubuhi alizokula matango yaliyolowekwa kwenye siki na kikombe cha kahawa, imetosha. Nikamwonyesha mzee sahani ya matango na siki niliyomwekea mezani pake. Alikula yote, akanisahihisha matamshi ya Appomattox, kijiji ambako jeshi la adui lilisalimu amri kwa Grant, akaomba mengine.

Brokoli niliiweka kwa utani. Machi 1990 Bush baba alitangaza kwamba haipendi tangu utotoni mama yake alipokuwa akimlazimisha, na kwa kuwa sasa yeye ni rais, haili tena. Wakulima wakampelekea malori ya brokoli mpaka Washington. Miaka 23 baadaye Obama akawaambia watoto kwamba brokoli ndicho chakula anachokipenda kuliko vyote, na hakuna aliyeamini. Kwenye meza za Republican bakuli lilirudi halijaguswa. Kwenye meza za Democrat nalo lilirudi halijaguswa, nadhani hapo ndipo pekee walipokubaliana mchana ule. Pipi za jeli za Reagan, alizozizoea alipokuwa akiacha kiko, tuliziweka za aina isiyo na sukari, na zikaisha kabla ya supu.

Bibi mmoja mweusi aliyekulia Alabama, ambaye enzi zake alipika nyumbani kwa watu, aliisoma kadi ya chili kwa sauti ili jirani yake asiyeona vizuri asikie. Niliandika pale kwamba Zephyr Wright alifika mahali akakataa kusafiri kwa gari kati ya Washington na Texas, kwa sababu njiani hapakuwa na choo wala hoteli inayompokea mtu mweusi, na kwamba Johnson alikuwa akiwasimulia wanasiasa habari hiyo alipopigania Sheria ya Haki za Kiraia. Alipoitia saini Julai 1964 alimpa Zephyr mojawapo ya kalamu. Yule bibi akatikisa kichwa. "Kalamu," akasema. Kisha akaonja chili akaniambia imepungua chumvi, na hilo ni kweli.

Kwa kitindamlo hapakuwa na ubishi. Maelekezo ya aiskrimu ya vanila yaliyoandikwa kwa mkono wa Jefferson yapo hadi leo katika Maktaba ya Bunge: chupa mbili za krimu nzuri, viini sita vya mayai, nusu ratili ya sukari. Biden anaipenda aiskrimu kuliko watoto. Sikuitengeneza, niliifungua kutoka kopo la dukani.

Sasa wananidai nyama ya Eisenhower. Alikuwa akiitupa steki moja kwa moja juu ya makaa mekundu, bila wavu, kisha anaitoa na kukung'uta majivu. Mwalimu wa historia ameshawakusanyia wenzake saini. Ndani ya jengo moto wa wazi hauruhusiwi hata kwa mshumaa wa keki, kwa hiyo nimeandika barua kuomba kona ya maegesho ya magari mwezi Julai, magunia mawili ya makaa na mtu wa kushika mpira wa maji. Mtaalamu wa lishe bado hajasaini. Anataka kwanza ajue steki itakatwa vipande vya ukubwa gani.