Nani alikuwa anaosha sufuria

Ni Jumapili usiku, mwanangu Nia amelala, na mimi bado niko jikoni narudisha nyuma dakika ya 43. Naisikiliza, naizima, nakunywa chai iliyokwisha poa, halafu naiwasha tena.

Ni rekodi ya Mwenyekiti. Yule mama wa Kaloleni, hapa Nairobi, niliyewaambia mwezi wa tatu kwamba ananikwepa, ambaye mtaa mzima bado unamwita Mwenyekiti ingawa chama chao kilivunjika zamani. Jumatatu alikubali. Katika wazee wote tunaowarekodi kwa ajili ya maktaba, huyu ndiye niliyemtaka zaidi, kwa sababu mwaka 1992 alikuwa akienda kwa wale akina mama wa Freedom Corner.

Wadogo zangu mnaosoma hapa huwa mnaniuliza ilikuwaje, basi kwa ufupi: tarehe 28 Februari 1992 akina mama wa wafungwa wa kisiasa walikaa kwenye pembe ya Uhuru Park, Wangari Maathai akiwa nao, wakaanza mgomo wa kula wakidai wafungwa 52 waachiliwe. Ni bustani ile ile ambayo mwaka 1989 Wangari aliipigania isijengwe jumba la ghorofa 60. Tarehe 3 Machi polisi wakawavamia kwa rungu na vitoa machozi. Wangari alipigwa mpaka akazirai. Baadhi ya wazee wakavua nguo mbele ya askari wa umri wa wana wao, na kwa watu wengi wa nchi hii hiyo ni laana ambayo haihitaji kutafsiriwa. Baadaye wakahamia Kanisa Kuu la All Saints, karibu na hapo, wakakaa chini ya kanisa karibu mwaka mzima. Mapema mwaka 1993 karibu wafungwa wote walikuwa wametoka.

Hayo nayajua kwa moyo. Nimeyasimulia mbele ya wanafunzi mara nyingi, na kila nikifika tarehe 3 Machi sauti yangu hubadilika. Labda ndiyo maana maswali yangu yalielekea huko tu.

Nilimuuliza, "Shosho, askari walipofika mlikuwa mmekaa au mmesimama?" Akajibu. Nikauliza, "Na wewe walikupiga wapi?" Akasema hawakumpiga, alikimbia, kiatu kimoja kikabaki nyuma. Nikauliza, "Na waliovua nguo, uliwaona kwa macho yako?"

Hapo kuna kimya. Unasikia kijiko kikigonga kikombe. Unasikia mtoto wa jirani akipita na tairi nje. Kisha yeye, polepole, bila hasira:

"Mwanangu, umeniuliza mara tatu habari ya kupigwa. Hujaniuliza nani alikuwa anaosha sufuria."

Na mimi, bila hata kuvuta pumzi: "Ndiyo, Shosho, tutafika huko."

Tutafika huko. Nimeyasikiliza maneno hayo mpaka yamepoteza maana na kuirudia tena. Nilivyoyasema ndivyo ninavyomwambia Nia anaponiomba kitu dukani na foleni ni ndefu. Mama aliyezidi miaka sabini, nyumbani kwake, akiwa amenipa kiti kizuri na yeye kukalia stuli. Akajibu neno moja, "Haya," kama mtu anayekunja leso na kuirudisha sandukuni. Nikaendelea na swali la nne. Tulirekodi dakika 40 nyingine na huko hatukufika.

Kinachoniuma zaidi ni kwamba nilikuwa na kila kitu mkononi. Nilikuwa nimelipokea neno "mgomo wa kula" na kulifunga kabatini, kwa hiyo sufuria hazikuwa na nafasi katika hadithi yangu. Lakini mwaka mzima! Nani anafunga mwaka mzima? Watu walilala pale, waliamka, walikuwa na nguo za kufua, walikuwa na wajukuu nyumbani na mashamba yaliyosubiri palizi. Nimeisimulia hadithi hii miaka yote hiyo na sikuwahi kujiuliza maji yalitoka wapi.

Jumanne usiku nikafungua rekodi nyingine zote. Mzee aliyepigania uwanja wa mpira usinyakuliwe: nimemuuliza mara sita kuhusu siku ya tingatinga, na hata mara moja kuhusu ile miaka minne ya mikutano. Vijana wa maandamano ya Juni 2024: nimewauliza walikimbilia wapi, moshi ulikuwaje, waliona nini Bungeni tarehe 25. Kuna msichana mmoja aliyeniambia kwamba siku hiyo alishinda akibeba maji na kuwaosha watu macho. Rekodi yake ina dakika sita. Ya kijana aliyepanda ukuta ina saa moja na nusu.

Jumatano mkataba wangu uliongezwa mwaka mmoja, Alhamisi dada yangu akajifungua salama, mtoto wa kiume, na mimi hata hospitalini nilikuwa nimebeba ile sauti ya kijiko kichwani.

Jumamosi asubuhi nikapanda matatu ya Barabara ya Jogoo nikarudi. Sikupiga simu. Nilimkuta chini ya mwembe, amejaza karai mapajani, anakata sukuma. Nilikuwa nimejitayarishia maneno marefu ya kuomba radhi, nikayasahau yote. Nikasema tu, "Shosho, nimekuja kuuliza. Nani alikuwa anaosha sufuria?"

Akaniangalia. Akacheka mpaka karai likatikisika. "Kumbe ulisikia," akasema, akanisogezea kisu.

Nilikata sukuma vibaya kwa saa mbili, na kinasa sauti tulikiweka juu ya tofali. Walikuwa watatu kutoka safu moja ya nyumba. Mmoja alikuwa akifagia ofisi mjini, kwa hiyo yeye ndiye aliyekuwa akipita kanisani jioni kuuliza kesho kunatakiwa nini. Wakipika usiku. Asubuhi sufuria ikafunikwa, ikafungwa kwa leso, ikawekwa ndani ya kiondo, na kiondo magotini ndani ya basi, huku makanga analalamika harufu ya maharagwe imeingia kwenye viti. Kuosha walioshea Kaloleni, kwenye bomba la nje, kwa sababu sufuria zilikuwa za kuazima na hazingeweza kulala mjini. Wiki nyingine hapakuwa na nauli, basi walitembea.

"Na watoto, Shosho?"

Hapo akaacha kukata. Akaniambia kuhusu mama wa nyumba ya mwisho, ambaye hakuwahi kukanyaga Uhuru Park hata siku moja. Yeye alibaki na watoto wa wote watatu pamoja na wake. Watoto saba. Mlango wake ulikuwa haugongwi, mtoto unamwingiza tu na kuendelea na safari. Mwenyekiti akaelekeza kisu kwenye mapaa ya vigae, akasema siku hizi kila mtu anaongea habari ya kubomoa hizi nyumba na kuwapandisha watu ghorofani. "Sikatai nyumba mpya. Nauliza, ghorofa ya kumi nitamwachia nani mtoto?"

Kisha akasema, kana kwamba amekumbuka chumvi, "Tumpigie." Yule mama yuko hai! Yuko Jericho kwa bintiye. Simu ikawekwa sauti ya juu, na wale wazee wawili wakaanza kubishana palepale. Mmoja anasema maharagwe, mwingine anasema ndengu, maharagwe yalikuwa ghali. Mmoja anasema sufuria kubwa ilikuwa ya kanisa, mwingine anasema ilikuwa yake yeye, aliyoletewa siku ya ndoa, na kifuniko chake hakijarudi tangu mwaka 1992 mpaka leo hii, na kama wanarekodi basi na hilo lirekodiwe. Mwenyekiti alifuta machozi kwa ncha ya leso. Mimi nilikuwa nacheka na kulia kwa pamoja na sikujali kama kinasa sauti kinanasa.

Kimenasa. Kuna upepo, kuna kuku, kuna sehemu ambapo karai linaanguka. Mkuu wangu ananitaka nimpe dakika tatu za Mwenyekiti za kuweka kwenye maonyesho, na najua anasubiri rungu. Nitampa kifuniko. Akikataa nitabishana naye, kesho asubuhi, kabla hajanywa chai.

Alhamisi ijayo naenda Jericho. Nimekwisha kuijaza fomu ya yule mama, isipokuwa ile sehemu ya "nafasi yake katika harakati", ambayo ina mstari mmoja mfupi. Nimeandika: alibaki na watoto saba. Nimeiangalia tangu jana na sijaona cha kuongeza.

Nilikuwa nimalizie hapo, lakini jioni nilimsaidia Nia kazi ya shule, na nimeona anafinya macho hata kitabu kikiwa karibu. Nilimuuliza ubaoni anaonaje, akaniambia huwa anaangalia kwenye daftari la jirani yake. Sijui ameanza lini. Mwalimu hajasema kitu. Baba Nia naye alivaa miwani akiwa na miaka tisa, na mama yake alipofuka kabisa uzeeni. Kesho nitatafuta mahali pa kumpeleka apimwe.