Unaogopa Kinanda

Tangu Jumatatu usiku neno la mjomba halijanitoka. Wiki imekuwa na mambo makubwa, kwani posa ya Salma imekubaliwa na wakaguzi wa hesabu wameingia ofisini wakatoka kwa salama, lakini kila nikikaa kimya najikuta nimerudi sebuleni, nimejifunika leso mpaka puani, na mjomba amesimama mlangoni na jarife lake, wavu wa kuvulia papa, begani.

“Unaogopa nini?”

“Papa, mjomba.”

Akaitazama runinga, ambayo wakati huo haikuonyesha chochote ila maji. “Papa yuko wapi? Wewe unaogopa kinanda.”

Watoto wa kaka walicheka hadi wakalala chini. Niliudhika, nisifiche. Mtu aliyezaliwa Lamu, tena katika nyumba ya wavuvi, kuambiwa anaogopa kinanda!

Jana nikaitazama tena filamu ile, Jaws ya Steven Spielberg ya mwaka 1975, nikiwa nimezima sauti. Ikawa bahari tu, na watu wanaogelea. Papa wa mashine waliyemtengeneza alikuwa akiharibika kila mara katika maji ya chumvi, ndipo mwongozaji akalazimika kupiga picha za maji na mapipa ya manjano, na kazi ya kumleta papa akaachiwa mtunzi wa muziki, John Williams, kwa noti zake mbili, zinazoanza taratibu kisha zikaenda mbio kama moyo wa mtu anayekimbia. Watoto wawili wanapowatisha waogeleaji kwa pezi la kadibodi, muziki haupo, na sikio linajifunza bila kufundishwa kwamba pasipo noti hapana papa. Likishazoea, linasalitiwa: mkuu wa polisi anamwaga chambo nyuma ya mashua huku akinung’unika, kinanda kimya, na kichwa kinaibuka karibu na mkono wake.

Hapo nilicheka peke yangu, hasira yote ikaniisha. Nikamfuata mjomba barazani, alipokuwa akishona jarife, nikamuuliza papa wa kweli hutanguliwa na nini.

“Na nini tena? Unavuta jarife, unakuta nusu haipo.”

Akaendelea kushona, nami nikabaki nikilitazama lile tundu, pana kuliko meza yetu ya chakula, ambalo asubuhi nilidhani ni uchakavu.