Usiku Tuliofungua Tena Ukumbi

Tamasha letu la dansi lilikuwa lifanyike wiki ya mwisho ya Machi 2020. Salsa, bachata na kizomba, zote dansi za kushikana wawili wawili, madarasa mchana, dansi usiku kucha. Jumatano ya tarehe 11 mwezi huo Shirika la Afya Duniani likatangaza kwamba korona sasa ni janga la dunia nzima, na kesho yake kumbi za maigizo za Broadway kule New York zikafungwa. Sisi siku hiyo tulikuwa bado tunapanga ratiba ya mazoezi ya jukwaani. Ilipofika jioni hakukuwa na cha kupanga tena.

Kuahirisha tamasha si kubandika tangazo ukalala. Mwalimu wa kizomba alishakatiwa tiketi ya ndege. Fundi wa sauti alishakataa kazi nyingine kwa ajili yetu. Mwenye ukumbi alishapokea malipo ya awali, na mkataba haukuwa na neno hata moja kuhusu ugonjwa wa mlipuko, kwa hiyo fedha ile hatukuiona tena. Waliotubeba ni wale waliokwisha kununua tiketi. Tuliwapa hiari: warudishiwe fedha zao au waziache hadi tamasha litakapofanyika. Wengi waliziacha. "Mwalimu, zikae hapo hapo," waliandika, wala hawakuuliza ni hadi lini. Nikiukumbuka wema ule moyo unanijaa mpaka leo, maana wakati huo hakuna aliyekuwa na hakika kama yeye mwenyewe atakuwa na kazi mwezi unaofuata.

Hatukuwa peke yetu. Tamasha la dansi la Blackpool kule Uingereza, lililoanza mwaka 1920, lilikuwa linajiandaa kutimiza miaka 100, halikufanyika. Mashindano ya dunia ya tango ya Buenos Aires yalihamia mtandaoni. Ufaransa ilifunga kumbi zake za disko Machi 2020 ikazifungua Julai 2021. Mahali pengi hali ilikuwa hiyo hiyo: maduka yalifunguliwa, mikahawa ikafunguliwa, shule zikafunguliwa, dansi ikabaki nje ya mlango.

Iliniuma, lakini sababu niliielewa. Watafiti wa Korea Kusini walifuatilia madarasa ya dansi ya mazoezi katika mji wa Cheonan mwanzoni kabisa mwa mlipuko, wakahesabu maambukizi 112 yaliyohusiana na kumbi 12 za mazoezi. Chumba cha kama mita 60 za mraba, wanafunzi 5 hadi 22, dakika 50 za kuhema kwa nguvu. Mwalimu mmoja aliyeambukizwa alikuwa akifundisha yoga na pilates, mazoezi ya taratibu, kwa watu saba au wanane, na hakuna mwanafunzi wake aliyepata ugonjwa. Ripoti ile niliisoma nikairudia. Ilikuwa inaeleza kazi yangu kwa vipimo. Sisi ndio tunaotaka watu wapumue kwa nguvu, wasogeleane, na madirisha tunayafunga ili majirani wasikereke na muziki.

Mwaka wa mtandaoni sitaueleza sana, kila mtu anaujua. Nilisukuma meza ukutani, nikafundisha kupitia Zoom, nikihesabu peke yangu huku wanafunzi wote wamezimwa sauti, kwa sababu muziki ulimfikia kila mmoja kwa wakati wake na ukiwaruhusu wapige makofi pamoja zilikuwa kelele tupu. Tulichoweza kufundisha ni hatua za miguu. Dansi ya wawili haikuwezekana. Nadhani ndiyo maana mchezo ulioizunguka dunia mwaka ule, ule wa wimbo Jerusalema wa Master KG wa Afrika Kusini ambao vijana wa Angola waliuchezea video Februari 2020, ulikuwa wa kujipanga mistari: kila mtu anacheza na wenzake bila kumgusa yeyote. Ulitupa furaha kubwa wakati tunaihitaji. Lakini sisi tunaoishi kwa dansi ya kushikana tulikuwa tunaangalia ufundi wetu ukikaa bila kutumika, na ufundi wa namna hiyo hauwekwi kabatini.

Ruhusa ya kufungua ilipokuja ilikuwa Oktoba 2021. Kabla ya kuchagua tarehe tulikaa kikao kirefu, mimi, dijei wetu, na dada anayesimamia mlango. Mezani tulikuwa na habari za Uholanzi. Mwezi wa Julai huko Utrecht kulikuwa na tamasha la muziki la watu 20,000 kwa siku mbili, la wazi, wenye kipimo au chanjo tu, na bado watu kama 1,000 waliambukizwa. Kipimo kilikubaliwa kama kilifanywa ndani ya saa 40 kabla ya kuingia. Ndani ya saa 40 mtu anaweza kupimwa asubuhi, akalala kwa rafiki, akapanda treni, akakutana na ugonjwa, akaingia uwanjani na karatasi yake safi.

"Basi tupime mlangoni," dada akasema.

"Foleni itafika barabarani," dijei akamjibu.

"Ifike. Wasiotaka kusubiri dakika 15 baada ya kusubiri mwaka mzima, wabaki nyumbani."

Hakuna aliyekuwa na hoja ya kumshinda.

Tulichagua ukumbi wenye dari ya juu na madirisha pande mbili, tukaingiza nusu ya watu tuliozoea kuingiza. Juu ya meza ya dijei tukaweka kipima hewa ya kaboni dioksidi, kidude kidogo chenye namba kubwa inayoonyesha hewa ya ndani imepumuliwa kiasi gani. Hewa ya nje inasoma kama sehemu 420 kwa milioni. Tulikubaliana kwamba ikipita 800 muziki unasimama, madirisha yote yanafunguliwa, watu wanatoka nje. Wapo waliotuona tumezidisha. Mimi nilikiona kile kidude kuwa sehemu ya vyombo vya muziki, na bado nakiona hivyo.

Foleni ilifika barabarani kweli. Watu walisimama mbali mbali na mifuko ya viatu mikononi. Viatu vya dansi vina soli ya ngozi yenye manyoya mafupi, ambayo ukikaa bila kuipiga brashi ya waya inalala na kuteleza, na nilimwona mzee mmoja ameketi ukingoni akiipiga brashi soli moja baada ya nyingine, taratibu, wakati anasubiri jina lake. Mwingine alifungua mfuko akakuta viatu vimeota ukungu. Akavipangusa kwa leso, akavivaa.

Kisha ikaja zamu ya mama mmoja ambaye sitamtaja jina. Katika darasa letu alikuwa wa tangu siku ya kwanza, na ndiye aliyekuwa wa kwanza kutuandikia mwaka 2020 kwamba fedha yake isirudishwe. Usiku ule alikuja na gauni jipya alilolishona mwenyewe wakati wa kukaa ndani, jekundu, lenye pindo zito linalofunguka mtu akizunguka. Alikuwa ameshavaa viatu kabisa. Dada wa mlangoni alikitazama kipimo, akaniita kwa kichwa. Mstari wa pili ulikuwepo, hafifu lakini ulikuwepo.

Nilitoka nje kumwambia. Nilijitahidi kutafuta maneno, yeye akanitangulia.

"Miwili, sivyo?"

"Miwili, mama."

Alirudi nyuma hatua kadhaa ili asinisogelee. Akainama, akafungua mikanda ya viatu, akavitia mfukoni. Hakulia wala hakubishana. Alisema, "Mwalimu, ingieni mkacheze. Mimi ningeingia na hii, ningewaua watu wangu." Kisha akaondoka akiwa amelishika pindo la gauni lisiburuzike. Nimeona watu wengi wakicheza vizuri maishani mwangu. Sijaona aliyeiheshimu dansi kuliko alivyofanya mama yule pale barabarani.

Ndani, saa ya kwanza ilikuwa ngumu kuliko nilivyotarajia. Kabla ya janga, desturi ya dansi zetu ni kwamba hukai na mtu mmoja: wimbo ukiisha mnashukuriana, kila mmoja anatafuta mwenzi mwingine. Ndiyo njia anayeanza anavyojifunza kwa mzoefu, na mgeni anavyozoeana na wenyeji. Usiku ule watu walikuja wawili wawili na wakabaki wawili wawili. Wimbo uliisha, wakasimama papo hapo wakisubiri unaofuata. Waliokuja peke yao walijipanga ukutani. Hakuna aliyekosea, tulikuwa tumefundishwa kwa muda mrefu kwamba mkono wa mtu usiyemjua ni hatari, na mwili unakumbuka mafundisho hata ruhusa ikishatoka.

Na pumzi hazikuwepo. Wachezaji niliowajua kwa kumaliza usiku mzima walikuwa wanainama wakishika magoti baada ya nyimbo mbili, barakoa zimelowa. Dijei aliliona hilo kabla yangu. Akapunguza kasi, akaacha salsa za haraka, akapiga bachata na kizomba za polepole, akakata nyimbo ndefu katikati. Kazi ya dijei wa dansi ni kusoma miguu ya watu, na usiku ule aliisoma vizuri.

Kijana mmoja alinijia ukutani. "Shikamoo mwalimu. Mimi ni yule wa darasa la Jumanne." Nilimjua kwa sauti, uso wake nilikuwa nimezoea kuuona kwenye kisanduku kidogo cha kioo. Alikuwa amejifunza salsa yote mtandaoni, na miguu yake ilikuwa safi kuliko ya baadhi ya waliotangulia. Tulipoingia uwanjani ndipo nilipoelewa kilichokosekana. Hajawahi kumshika mtu mkono ili acheze naye. Alinikamata vidole kama abiria anavyoshika chuma cha basi, mabega juu, na kila nilipotaka kuhamisha uzito alikuwa ameshafika kwenye hesabu inayofuata. Alikuwa anacheza na namba.

Nikamwambia asihesabu. Nikamwomba alegeze vidole, viinuke kidogo tu, aweke kiganja kingine chini ya bega langu na asubiri. "Unasubiri nini, mwalimu?" aliuliza. Unasubiri mpaka usikie nimekaa juu ya mguu wangu. Tulipoteza nusu ya wimbo tukiwa tumesimama, watu wakitupita. Halafu akapeleka kifua mbele kidogo mno, na mimi nikaenda. Akacheka kwa sauti kama mtoto. Hilo ndilo jambo ambalo hakuna kioo kinachoweza kulipitisha: mtu anakupa uzito wake, unaupokea, unaurudisha. Kwa miezi yote ile nilikuwa nimefundisha kila kitu isipokuwa hilo.

Waliouvunja ukimya wa ukumbi walikuwa ndugu wawili wa kike. Walikaa nyumba moja wakati wote wa kufungiwa, na kwa kuwa hawakuwa na wa kucheza naye, kila mmoja alijifunza kuongoza na kufuata. Walicheza pamoja wimbo mmoja, wakibadilishana nafasi katikati bila kusimama, na watu wakawaachia uwanja. Wimbo ulipoisha mkubwa akaenda moja kwa moja ukutani akamwomba msichana aliyekuwa peke yake. Mdogo akamwomba yule mzee wa brashi. Baada ya hapo wawili wawili wakaanza kuachana mmoja mmoja. Zamani katika ukumbi wetu wanawake walikuwa wengi na wanaoongoza wachache, wengi wakiketi kusubiri. Tangu usiku ule tulianza kufundisha kila mtu pande zote mbili, na siioni sababu ya kurudi nyuma.

Kile kidude kilifika 800 mara moja tu, tukatoka nje wote tukasimama kwenye baridi tukizungumza kwa kelele. Wiki iliyofuata dada wa mlangoni aliwapigia simu wote waliokuwa kwenye orodha. Hakuna aliyesema anaumwa. Mama wa gauni jekundu alikuwa na homa siku chache, akapona.

Kupona kwa kazi yenyewe kulichukua muda mrefu zaidi. Disemba omikroni, aina mpya ya korona, ikatufunga tena, kama ilivyofunga disko za Ufaransa tarehe 10 mwezi huo. Siku nne baadaye UNESCO ikaiingiza rumba ya Kongo katika orodha ya urithi wa wanadamu. Dansi ya watu wawili kukumbatiana ilipewa heshima hiyo wakati watu wanakatazwa kukumbatiana, na mimi nilisherehekea sebuleni kwa nguvu zote. Tulipofungua mwaka 2022 tulikuta baadhi ya walimu wameshaacha. Mmoja anaendesha gari la kusambaza vifurushi na anasema analala vizuri. Kumbi nyingine zimegeuzwa maghala. Bima inayogusa magonjwa ya mlipuko hakuna aliyetaka kutuuzia. Na watu wameacha kununua tiketi mapema: wananunua wiki ile ile, wengine mlangoni, wakati mwandaaji anadaiwa malipo miezi kadhaa kabla. Hili ndilo linaloumiza waandaaji wadogo hadi sasa kuliko ugonjwa wenyewe ulivyowaumiza.

Tamasha letu lilifanyika mwaka huo, dogo, kwa walimu wa hapa hapa, kwa mkataba wenye kifungu cha mlipuko nilichokisoma neno kwa neno kabla ya kutia saini. Tiketi za 2020 tulizipokea zote. Ndugu wale wawili walifundisha darasa la kuongoza. Mama alikuja na gauni lake, akawa wa kwanza uwanjani, akacheza na yule kijana wa Jumanne, ambaye vidole vyake sasa vilikuwa vimelegea. Darasa lililojaa kupita yote lilikuwa la wanaoanza kabisa, watu ambao hawakuwahi kucheza kabla ya janga, na walibadilisha wenzi kila wimbo.