Mlango wa Lisa

PlayStation ya kaka yangu imefika juzi kwa basi la Mwanza, imeviringishwa kanga kuukuu ya mama ndani ya boksi la sabuni. Jana nilipotoka zamu ya usiku sikulala. Nilichomeka zile waya tatu nyuma ya TV, nikaweka CD, mashine ikazungusha weee, kimya. Nikaigeuza chini juu kama tulivyokuwa tukifanya Tanga. Ikasoma. Ile mandolini ya mwanzo ilipoanza kulia nikashuka kwenye kochi, nikakaa sakafuni, maana gemu hili sijawahi kuliangalia nikiwa nimekaa kwenye kiti.

Gemu lenyewe ni Silent Hill, ilitoka mwaka 1999. Kwetu ilifika baadaye, kaka akiwa kidato cha pili na mimi darasa la tatu. Padi ilikuwa moja na ilikuwa yake. Kazi yangu mimi ilikuwa redio. Harry Mason, baba anayemtafuta binti yake Cheryl wa miaka 7 baada ya gari lao kuacha njia karibu na mji wa Silent Hill, anapata redio ndogo kwenye mgahawa, na redio hiyo inakwaruza kila kiumbe kinapokaribia. Kaka alipunguza sauti ya TV ili baba asiamke, kwa hiyo mimi ndiye niliyebandika sikio kwenye spika na kunong'ona, "Kaka, wapo." Naye huuliza, "Upande gani?" Sikuwahi kujua upande gani. Redio haisemi upande.

Ukungu ule bado unanishika. Sasa najua ulitoka wapi: PlayStation haikuwa na nguvu ya kuchora mtaa mrefu kwa mara moja, basi Keiichiro Toyama na kikundi chake pale Konami, kampuni iliyolitengeneza gemu, wakauficha mji ndani ya ukungu mchana na ndani ya giza usiku, ukabaki na mwanga wa tochi tu. Kulijua hilo hakukunipunguzia kitu. Nimeingia tena mitaa ile, nimefika pale barabara inapokatika na kuwa korongo lisilo na chini, na mikono imenitoka jasho kama zamani. Harry analenga vibaya, na akikimbia sana anasimama kuhema. Ni mwandishi wa vitabu, hajafunzwa kupigana. Ana miaka 32. Mwaka huu tumelingana.

Shule ya Midwich nimeipita haraka. Fumbo la piano nalikumbuka kwa vidole, ila wale watoto wenye visu sikutaka kukaa nao. Niliyekuwa nikimtaka yupo hospitalini.

Hospitali ya Alchemilla ndipo kaka aliponiambia niende kulala, nami nikagoma. Mji unaingia upande wake wa giza, kuta zinageuka kutu na damu, na wanatokea manesi. Wamepinda migongo, mgongoni wamebebeshwa kitu kinachowaendesha, mkononi kisu. Niliwaota manesi wale kwa muda mrefu. Nilipopelekwa kuchomwa sindano nililia kabla sindano haijatoka kwenye pakiti yake, na mama hakuelewa kwa nini namwangalia nesi mgongoni.

Halafu katika hospitali hiyohiyo, ndani ya chumba kimoja, anatokea nesi mwingine. Sare nyeupe, sweta jekundu juu yake. Anamkimbilia Harry na kumkumbatia kwa furaha ya kuona mtu mzima mwenye akili zake. Lisa Garland. Anasema alipoteza fahamu, alipozinduka wenzake wote hawapo. Kila Harry anapokutana naye ni upande ule wa giza, kamwe si upande wa ukungu, na sisi hatukuliona hilo. Kwetu Lisa alikuwa mapumziko. Palipokuwa na Lisa redio ilinyamaza, na mimi niliruhusiwa kunywa maji.

Sasa mimi mwenyewe ni nesi, mwaka wa 9, na hadithi ya Lisa naisoma kwa macho mengine. Ukiunganisha vipande vyake, ipo hivi. Miaka saba kabla ya Harry kufika, Dahlia Gillespie alimtoa kafara binti yake Alessa kwenye ibada ya moto ili mungu wa dini yao azaliwe kupitia kwake. Alessa aliungua mwili mzima, hakufa. Nusu ya roho yake ikajitenga ikawa mtoto mchanga aliyeachwa kando ya barabara. Harry na mkewe wakamwokota wakamwita Cheryl. Nusu iliyobaki ikafichwa chini ya hospitali. Mkuu wa hospitali, Dakta Kaufmann, alishirikiana na kina Dahlia, na alihitaji mtu wa kumhudumia mgonjwa huyo bila kuuliza. Akampa Lisa kazi. Akamzoesha PTV, dawa ya kulevya iliyotokana na mmea wa pale, ili asiondoke.

Kuna mkanda wa video ambamo Lisa anaongea kwa sauti iliyokwisha nguvu. Anasema ngozi ya mtoto imeungua yote, kila akibadilisha bandeji damu na usaha vinatoka, na haelewi ni nini kinachomweka hai. Anaahidi hatamwambia mtu yeyote. Nilipousikia jana nilisimamisha gemu nikaenda jikoni.

Kituo changu cha kwanza waliniweka wodi ya majeruhi wa moto. Tulikuwa wawili usiku, mimi na mhudumu mmoja, na kulikuwa na mtoto wa miaka 4 aliyemwagikiwa maji ya moto. Kila tulipobadili bandeji alikuwa akiniomba radhi, kana kwamba maumivu ni adhabu na mimi ndiye niliyekosewa. "Sista, sirudii tena." Niliomba kuhamishwa. Nikaambiwa nivumilie, nitazoea. Sikuzoea. Mtoto alitoka akitembea baada ya miezi miwili na nusu, akanipungia mkono kutoka mgongoni kwa bibi yake, nami hadi leo harufu ya dawa ile ya kupaka nikiipata popote, vidole vyangu vinapoa.

Ndiyo maana nasema waliotengeneza gemu hili walimwona nesi. Wangeweza kumwacha Lisa awe uso mzuri wa kumliwaza Harry, basi. Wakampa uchovu, wakampa kichefuchefu na ombi la kuacha kazi lisilosikilizwa. Takayoshi Sato ndiye aliyezichora sura zile za sinema karibu peke yake, akitumia kompyuta za wenzake usiku walipokwisha kwenda nyumbani. Uso wa Lisa umetengenezwa zamu ya usiku. Naona inafaa.

Nimesoma kwamba Juni 2025 Konami walitangaza wanaitengeneza upya Silent Hill hii ya kwanza pamoja na Bloober Team wa Poland, waliokwisha kuifanyia hivyo ya pili mwaka 2024. Nitaitafuta. Ninachoomba ni kimoja tu, wasimwongezee Lisa maneno kwenye kile chumba cha mwisho.

Chumba chenyewe kipo karibu na mwisho, mahali ambapo mji umekwisha kuvunjika na vyumba vya shule na hospitali vimechanganyikana. Lisa ameelewa. Anamwambia Harry kuwa sasa anajua kwa nini yu hai ilhali wengine wamekufa: yeye ni sawa na wao, ila alikuwa hajatambua. Anaomba Harry akae naye, anaogopa. Damu inaanza kumtiririka usoni. Harry anarudi nyuma, anamsukuma, anatoka, anafunga mlango na kuuegemea, huku Lisa akiugonga kutoka ndani. Muziki wa Akira Yamaoka pale ni mpole kiasi cha kuumiza. Hakuna kitufe cha kubonyeza. Mchezaji hapewi nafasi ya kumshika mkono.

Enzi zile, Harry aliporudi mikononi mwa kaka, tulikimbia. Tulikimbia mpaka mwisho, na hata tulipomwona Lisa akitokea tena na kumburuta Kaufmann chini, tulishangilia tukasahau mlango.

Usiku huu sikukimbia. Niliugeukia uleule mlango nikaufungua. Lisa hayupo. Pamebaki daftari lake la kumbukumbu. Ameandika kwamba amemwomba daktari amtoe kwa mgonjwa yule, kwamba vidonda havifungi, kwamba chumba kimejaa wadudu japo madirisha yamefungwa, kwamba anatapika nyongo tupu. Mwishoni anaomba dawa, na msaada.

Nikampigia kaka. Ilikuwa saa sita kasoro, akapokea akidhani kuna msiba.

"Kaka, kwa Lisa, ulirudi ndani?"

"Ndani wapi?"

"Baada ya mlango."

Akanyamaza kidogo. "Nilikimbia, mdogo wangu. Ulikuwa unalia. Kwani kulikuwa na nini?"

Nikalifungua tena daftari, nikamsomea.