"Niko mahakamani, nitakupigia"

Simu ya wakili wetu ilikuwa ikiita mpaka inakata yenyewe. Nikipiga tena, unaingia ujumbe: "Niko mahakamani, nitakupigia." Siku moja nilikaa nikauhesabu kwenye simu yangu, nikaukuta mara kumi na saba. Simu aliyopiga yeye mwenyewe katika miezi hiyo ilikuwa moja tu, na ilikuwa ya kukumbusha awamu ya pili ya ada.

Mdogo wangu alikuwa rumande, ameshtakiwa kwa kumwibia mwajiri wake. Wakili nilimtafuta mimi, nikamlipa mimi, nikajiona mimi ndiye mteja. Kila jioni mama aliniuliza swali lilelile, "Wakili amesemaje?" Wiki za kwanza nilimwambia ukweli, kwamba hapokei. Halafu nikaona anavyokosa usingizi, nikaanza kumtungia majibu. "Anasema anaendelea vizuri, mama." Sikuwa najua lolote.

Nilichotibuka nacho hasa ni siku ya kesi kutajwa. Wakili wetu hakuja, akamtuma kijana wa ofisini kwake. Kijana mwenyewe mstaarabu, sina neno naye, ila alinifuata kwenye korido ya mahakama na jalada kwapani akaniuliza kwa sauti ya chini, "Samahani, mshtakiwa wetu ni yupi?" Kesi ikaahirishwa kwa mara ya tatu. Mdogo wangu akanitazama akiwa anarudishwa ndani, nami nikatazama chini.

Basi nikaenda ofisini kuketi. Nilikwenda siku tatu mfululizo. Siku ya tatu katibu wake, mama wa makamo, akanihurumia. "Mwanangu, wewe si mteja wake. Mteja ni mdogo wako. Hata akikuona hapa, hatakueleza habari za kesi." Nilikasirika. Nani analipa? Akanijibu kwamba anayelipa ni mlipaji tu. Siri ya mazungumzo na wakili ni ya mshtakiwa, na wakili hawezi kuigawa kwa kaka wala mama bila ruhusa yake.

Nililiona jibu la kukwepa, nikauliza kwingine, nikakuta ni kweli. Tena lina upande wa pili ulionitisha. Mdogo wangu akizungumza na wakili, mazungumzo yao yanalindwa. Akizungumza na mimi, kwa kawaida hakuna ulinzi wa namna hiyo; naweza kuitwa kutoa ushahidi wa nilichosikia. Na mimi nilikuwa nimekwisha kumtumia wakili ujumbe mrefu mrefu unaoanza na "dogo ameniambia kwamba...", kisha nikaunakili kwenye kundi la familia lenye watu zaidi ya thelathini. Usiku ule nilifuta nilichoweza kufuta, ingawa kilichosomwa kimesomwa.

Kwa hiyo kumbe sehemu ya ukimya wa wakili ilikuwa halali. Sehemu nyingine pia naielewa sasa: upelelezi usipokamilika, kesi inaweza kutajwa na kuahirishwa mara nyingi bila jambo jipya la kueleza. Lakini nilipomtembelea mdogo wangu nilimuuliza swali ambalo nilipaswa kumuuliza mwezi wa kwanza. Wakili amekuja kukuona mara ngapi?

"Mara moja. Siku ile ya kwanza, kama dakika kumi."

"Amekusomea maelezo ya mashahidi?"

"Maelezo gani?"

Hapo hasira yangu ilibadilika. Mimi kutojibiwa lilikuwa jambo dogo. Mwenye kesi ndiye alikuwa hajajibiwa, na hakuwa na simu ya kumsumbua nayo mtu.

Tukakubaliana aandike barua yeye mwenyewe, kwa mkono wake. Ujumbe wangu wa zamani ulikuwa malalamiko ya ukurasa mzima, na ukiusoma vizuri hauna swali hata moja. "Mbona unatutesa" mtu atalijibuje? Barua yake ikawa na maswali matatu. Maelezo ya mashahidi na vielelezo vya upande wa mashtaka umevipata, na lini tutavipitia pamoja? Dhamana imekwama wapi? Tarehe ijayo nini kitafanyika, na mimi nijiandae vipi? Chini akaongeza kwamba anamruhusu wakili azungumze nami kuhusu tarehe, ada na taratibu tu, si maelezo ya tukio. Akaomba jibu ndani ya siku saba.

Mimi nilitaka tuingize na Kifungu cha 14 cha Mkataba wa Kimataifa wa Haki za Kiraia na Kisiasa wa mwaka 1966, kinachosema mshtakiwa apewe muda na nyenzo za kutosha kuandaa utetezi wake na kuwasiliana na wakili aliyemchagua. Nilikuwa nimekisoma usiku kucha, nakijua kwa moyo. Mdogo wangu akakikataa. "Kaka, tunataka majibu, hatutaki vita." Nikaipeleka barua ofisini, katibu akasaini nakala yangu na kuandika tarehe.

Siku ya nne wakili akapiga. Alianza kwa ukali, "Mnanifundisha kazi?" Nikanyamaza. Alipopoa akasema maelezo ya mashahidi yalikuwa tayari, bado hajayachukua. Na dhamana? Akasema mahakama ilishatoa masharti. Zilikuwa zinasubiriwa nyaraka za wadhamini wawili. Alimwagiza mtu atuambie. Mtu gani? Hakumkumbuka.

Nyaraka zile tulizipata kwa siku mbili. Mdogo wangu alikuwa amekaa rumande wiki saba kwa sababu ya karatasi zilizokuwa kabatini kwetu.

Alipotoka nje, wakili akakosa tarehe nyingine tena. Uamuzi wa kumwacha aliufanya mdogo wangu, nami safari hii nilijizuia kusema. Hatukumfukuza siku hiyo hiyo. Tulimtafuta mwingine kwanza, maana ukibaki bila wakili mahakama hailazimiki kukusubiri, na kubadilisha wakili usiku wa kuamkia usikilizwaji huonekana kama mbinu ya kuchelewesha kesi. Mpya alipokubali, mdogo wangu akamwandikia wa zamani, mahakama ikajulishwa, tukaomba jalada pamoja na mchanganuo wa kazi iliyofanyika kwa ada tuliyolipa. Mchanganuo haujaja mpaka leo. Malalamiko kwenye chombo kinachosimamia maadili ya mawakili nimeyaandika, nakala ya barua iliyosainiwa nimeiambatisha, lakini sikujidanganya kwamba yatasaidia kesi; chombo kile humshughulikia wakili, mashtaka hayakihusu.

Jalada lilikuja katika bahasha nyembamba. Ndani mlikuwa na hati ya mashtaka, nakala za stakabadhi zetu, na barua ya mdogo wangu, imepigwa mstari mwekundu chini ya swali la pili.

Wakili mpya ni mwanamke, haongei sana. Siku ya kwanza nilimuuliza kama tutashinda, akasema hajui, bado hajasoma. Zamani ningemwona dhaifu. Akatueleza pia nani anaamua nini: kukiri au kukana kosa, na kutoa au kutotoa ushahidi, ni uamuzi wa mshtakiwa mwenyewe baada ya kushauriwa, lakini shahidi ahojiwe vipi, hiyo tumwachie yeye wakili. Na kwamba simu zetu atazijibu Ijumaa jioni, siku nyingine tuandike. Kisha akaniomba nitoke nje.

Nikakaa kwenye benchi la nje saa moja na nusu. Kupitia mlangoni nilisikia karatasi zikifunuliwa, na sauti ya mdogo wangu, ya taratibu, ikisimama na kuendelea. Maneno hayakusikika.

Jioni mama akauliza kama kawaida, "Wakili amesemaje?"

"Sijui, mama," nikamwambia. "Walikuwa wanaongea wao wawili."

Akanitazama kidogo, akaenda kulala.