Siku moja maishani mwangu: macho, nywele na ngozi ya mtu nisiyemjua

Saa moja asubuhi. Koti, barakoa, glavu mbili mbili. Nafanya kazi maabara ya vinasaba (DNA) hapa Ujerumani. Leo ni mate yaliyopatikana kwenye ukingo wa kikombe, na mwenyewe hayumo kwenye kanzidata ya polisi, hivyo polisi wanataka nikisie rangi ya macho, nywele na ngozi yake.

Saa mbili. Pembeni ya sampuli naweka kichupa cha maji matupu, kinapitia kila hatua. Kikionyesha chochote, kazi yote naimwaga. Askari wa kike alipouawa Heilbronn, mji wa hapa Ujerumani, mwaka 2007, vinasaba vilivyookotwa pale vilikuwa vya mwanamke yuleyule aliyekwisha kuonekana kwenye kesi nyingine. Jumla zilifika kama 40, hadi Austria na Ufaransa. Waroma na Wasinti, jamii za wachache hapa Ulaya, wakanyooshewa vidole. Mwaka 2009 ikabainika ni vya mfanyakazi wa kiwandani aliyefungasha vijiti vya pamba vya kuchukulia sampuli. Watu walishukiwa miaka miwili kwa sababu ya pamba! Ndiyo maana kichupa cha maji nakitazama kuliko sampuli yenyewe.

Saa tano. Tunasoma alama 41, yaani sehemu za vinasaba zinazohusiana na rangi, kwa mafungu mawili, 24 kisha 17. Vilele vya rangi vinapanda kwenye skrini. Nakimbilia HERC2, jeni inayotenganisha zaidi macho ya bluu na ya kahawia. Kichupa cha maji: mstari umelala, hakuna kitu. Alhamdulillahi.

Saa saba. Wali wa jana, na sauti ya shangazi kutoka Tanga: "Mwanangu, bado mnawapiga watu picha kwa mate?" Namjibu kila mara: shangazi, pua na mdomo hatuvijui, tunakisia rangi tu.

Saa tisa. Macho ya kahawia, nywele nyeusi, ngozi ya wastani. Mpelelezi anapiga simu kabla sijaandika.

"Kwa hiyo ni mgeni?"

Moyo unanidunda, kwa sababu sifa mbili kati ya hizo ninazo mimi. Namweleza taratibu: sheria ya 2019 inaruhusu rangi ya macho, nywele na ngozi, pamoja na umri. Asili ya mtu haimo. Na wenye sifa hizo wamejaa mji huu, wengi wamezaliwa hapahapa.

Ananyamaza. "Basi niandikie hivyo hivyo."

Saa kumi na moja bado niko kwenye aya ile moja. Naandika uwezekano wa kila rangi, hata ile ndogo kabisa, siifuti. Mabaki ya sampuli narudisha kwenye friza. Kesho tunapima umri, na hapo pia nitaandika kwamba tunaweza kukosea kwa miaka kadhaa.