Mbeta ya Miiko

"Mama, kwa nini Babu alinusa mti wa miiko?"

Binti yangu mdogo aliniuliza hivyo Jumatatu jioni, mimi naosha vyombo, babu yake ameshapanda basi la Iringa tangu alfajiri. Sikumjibu. Nilimtuma akaniletee sabuni, akaileta, akaenda zake kucheza. Yeye ameshasahau. Mimi leo ni Ijumaa na swali bado ninalo.

Anachokiita mti wa miiko ni mbeta. Ni pingili moja ya mlanzi, mwanzi wa kwetu, ndefu kama mkono kutoka kiwiko hadi vidoleni, chini imezibwa na fundo lake yenyewe, juu imekatwa ikaachwa wazi. Nimeisimamishia miiko miwili na upawa, na imekaa kwenye dirisha la jiko tangu tuhamie nyumba hii. Wageni wa hapa Dar wanaiona pambo. Aliyekulia Iringa huitazama mara mbili, kisha ananitazama mimi.

Ilipatikana Februari 2013, kabla ya watoto. Wakati huo mimi na Baba Watoto tulikuwa na desturi yetu: kila likizo tunakwenda mahali na kunywa kile wenyeji wanachokunywa, kwa yule anayekitengeneza, siyo kwenye chupa. Yeye ni Mchaga, amekulia chini ya migomba ya Kibosho, na mama yake ni mpika mbege. Kabla ya kuanza shule alikuwa anajua ndizi zichemshwe hadi ziwe za rangi gani, ni siku ngapi zikae, ni lini utie kimea cha ulezi, na gome la msesewa la kutia uchungu linatoka wapi. Kwake yeye hujawajua watu mpaka umekaa na mpika pombe wao ukamwuliza maswali. Tulishakunywa mnazi Pangani, rubisi Bukoba, wanzuki Tabora. Basi mwaka ule, tukiwa tunapanga, akaniuliza, "Na kwenu je?"

Kwetu ni Kilolo, mkoani Iringa. Nimezaliwa katikati ya milanzi. Kila masika, kuanzia kama Desemba mpaka karibu na Mei, wilaya nzima ilikuwa inanukia ulanzi, pombe inayogemwa kwenye milanzi hiyo, na mimi nilikuwa na miaka 29 bila kuuonja hata tone.

Baba yangu ni mzee wa kanisa. Nyumbani tulikuwa na milanzi mingi, kichaka kizima mwisho wa shamba, aliyoipanda babu yangu. Baba aliitumia kwa fito na kwa kusuka matenga ya nyanya, lakini haikugemwa. Ukipita njia ya kilabuni akajua, jioni hiyo hulali salama. Hatukuambiwa sababu. Ilinichukua miaka kuiokota kipande kipande kutoka kwa shangazi: babu alikuwa mgema, na usiku mmoja wa mvua akitoka kilabuni alilala njiani, asubuhi akakutwa ameshapoa. Aliyemkuta ni baba, akiwa kijana anayekwenda shule.

Kwa hiyo mume wangu aliposema "na kwenu je", nilimpangia ratiba inayoanzia mbali. Tulikwenda kwanza moja kwa moja hadi Mbeya. Nilijiambia kwamba tutashuka taratibu kurudi Iringa, na huenda likizo ikaisha kabla hatujafika.

Mbeya tulinywa kimpumu. Pale Uyole mvua ilikuwa haikatiki na baridi imeingia hadi kwenye mifupa, na sielewi watu wengine wanawezaje kuishi kwenye hali ile bila kinywaji cha moto. Mnakaa mmeizunguka pombe, kila mtu na mrija wake wenye kichujio nchani ili makapi ya ulezi yasipande. Kimiminika kikishuka, mwenye kilabu anaongeza maji ya moto, mnasubiri kidogo, mnaendelea. Mzunguko wa kwanza ni mkali, wa tatu ni mpole. Baba Watoto alishangaa kwamba ulezi ule ule ambao kwao huingia mwishoni kukamilisha ndizi, hapa ndio pombe yenyewe kuanzia mwanzo hadi mwisho. Alimwuliza yule mama maswali mpaka wateja wengine wakaanza kumsaidia kujibu.

Iringa mjini tulikunywa komoni. Mama mmoja wa Kihesa alitufunulia gunia lenye maji tukaona ulezi umechipua, mizizi yake imeshikana kama mkeka. Akatueleza kuwa ukiuacha siku moja zaidi kimea kinakuwa kichungu, ukiuwahi pombe haiamki. Hakuwa na saa wala kipimo chochote. Alichota kidogo akatafuna, akasema, "Kesho."

Baada ya hapo sikuwa na pa kukimbilia.

Sikumpeleka nyumbani. Nilimpeleka kijiji cha ng'ambo ya bonde, ambako ukisimama unaiona paa ya kanisa letu lakini mtu wa huko hawezi kukutambua. Tulilala kwa rafiki yangu niliyesoma naye, na yeye ndiye aliyetuombea kwa mgema mmoja, jirani yake, tuamke naye.

Alikuja saa kumi na moja na nusu. Bado giza, mvua imetoka kuacha, majani yanadondosha. Mzee mwembamba, gambuti miguuni, koti kubwa la mitumba, kisu kimefungwa kwenye kitambaa kama kitu cha thamani. "Kamwene," akasema. "Kamwene," nikaitikia, na Baba Watoto naye akajaribu, mzee akafurahi. Hakuuliza zaidi. Mgema asubuhi hana muda wa habari za safari, ana milanzi inamsubiri, na ataigema tena jioni, hivyo hivyo kila siku mpaka masika iishe. Hakuna Jumapili wala sikukuu. Nalisema hili kwa sababu nimesikia watu wengi, na wengine ni ndugu zangu, wakizungumza juu ya ulanzi kana kwamba ni kitu kinachodondoka chenyewe kwa wavivu.

Kichakani aliwasha tochi. Machipukizi yalikuwa yamesimama kati ya milanzi mikubwa, mengine yamefika kiunoni kwangu, na karibu kila moja limekatwa kichwa na kufungiwa mbeta. Yapo aliyoyaacha. Alimulika moja akasema hilo halimhusu, hilo ni la miaka ijayo, kwa sababu chipukizi ukishaligema haliji kuwa mlanzi tena. "Mgema mwenye njaa anagema yote," akasema, "halafu mwanawe anakuja kununua fito."

Akafungua mbeta ya kwanza, akamimina kwenye dumu. Kimiminika cheupeupe, chenye povu jembamba. Nilimwona hasuuzi mbeta, anaikung'uta tu na kuirudisha. Nilipouliza alinijibu kwamba ukiiosha unaulaza ulanzi. Kile kilichobaki cha jana ndicho kinachouamsha wa leo. Hakuna hamira, hakuna kimea, hakuna moto. Baba Watoto alisimama pale akitikisa kichwa, mtu ambaye kwao pombe ni siku saba za kuchemsha na kusubiri, hapa anaona mti unaitoa nusu tayari.

Kisha kisu. Alikishika kwa vidole vitatu, kidole gumba kimelala juu ya ubapa, akapitisha kwenye kichwa cha chipukizi mara moja. Kilichodondoka ni kijisahani chembamba mno, ukikiinua kwenye tochi unaona mwanga. Palepale pakaanza kulowana. Akatueleza kwamba jeraha la jana huwa limejifunga, na kazi ya kisu ni kulifungua tu, siyo kuumiza. Ukikata nene chipukizi linakwisha kabla ya wiki mbili. Ukikosea upande, linaoza. Akaenda la pili, la tatu, la nne. Tuliacha kuzungumza. Palikuwa na sauti ya kisu, halafu tone la kwanza likigonga ndani ya mbeta tupu, halafu nyuki wa kwanza.

Kwenye la tano au la sita alisimama akanimulika usoni. Siyo vibaya, chini kidogo, kama mtu anayetafuta kitu.

"Binti, wewe ni wa ng'ambo."

Sikuweza kudanganya. Nikamtajia jina la babu.

Alizima tochi. Kumbe kulikuwa kumeshaanza kupambazuka, nilimwona vizuri. Alikaa kimya muda mrefu, kisha akasema, "Aliyenifundisha kushika hiki ni yeye." Akageuza kisu, akanipa mpini.

Nilikuwa natetemeka. Alisimama nyuma yangu bila kunigusa, akanielekeza kwa maneno: gumba juu, usibonyeze, acha makali yatembee yenyewe. Nilikata. Changu kilikuwa kinene, hakikupitisha mwanga, na alikiokota akakitazama bila kunikemea. Akaniambia nirudie kwenye lingine. Cha pili kilikuwa afadhali. Cha tatu kilidondoka kwenye kiatu changu na niliona rangi ya kiatu kupitia kwake, na hapo tone likatoka, nikaliona linavimba, linajikusanya, linashuka ubavuni na kuingia. Ninaweza hata sasa kulichora tone lile.

"Watu wanasema babu yako alikuwa mlevi," mzee akasema. "Hakuwa mlevi. Alikuwa mgema. Usiku ule alikuwa na homa, alitoka kugema ya jioni kwenye mvua kwa sababu ya machipukizi yake. Kilabuni alipita kujikinga tu."

Nikamwuliza kama baba anajua hivyo.

"Baba yako hakutaka kutusikiliza. Na mimi singemlaumu. Mtoto akikuta alichokikuta, utamweleza nini?"

Alinimiminia mtogwa kwenye kopo, ule wa asubuhi ile ile, bado mtamu. Ulikuwa na ubaridi wa mvua na ladha ya kitu kibichi, kama kutafuna jani la muwa, na mwisho wake kauchachu kadogo kanakokaa kwenye ulimi. Nilikunywa taratibu. Baba Watoto alipewa mkangafu, ule mkali wa siku mbili, na akasema maneno mengi mazuri ambayo siyakumbuki. Nilikuwa nimegeukia bondeni, ukungu unapanda, paa ya kanisa letu inaanza kuonekana.

Yaliyobaki yalikwenda haraka. Tulilipa, mzee alikataa, tukamlipa. Alinipa mbeta kuukuu ambayo haitumii tena. Mchana tulivuka bonde tukawasalimia wazazi, tukala, tukasali, na mbeta ilikuwa imefungwa ndani ya kitenge chini ya begi. Sikusema neno. Mwaka uliofuata nikapata mimba, safari zetu zikaisha, na rafiki yangu akanipigia siku moja kusema kwamba yule mzee amefariki.

Nimejaribu kupima maneno yake mara nyingi. Alikuwa mtu wa kazi ile, na mtu wa kazi humtetea mwalimu wake. Shangazi naye hakuwepo usiku ule, alisimuliwa. Pia nimewaona walioharibiwa na kilabu, nimesoma na watoto wao, na siwezi kumwambia mtu kwamba baba alikosea kutuwekea mpaka. Lakini nimeshika kile kisu. Mtu mwenye mkono wa kukata kijisahani kinachopitisha mwanga, kila alfajiri na kila jioni, masika baada ya masika, siwezi kumtaja kwa neno moja tu, mlevi.

Wiki iliyopita baba alikuja kutibiwa macho. Haoni vizuri tena, vitu vingi anavijua kwa kugusa. Jumapili tulipotoka kanisani alikuja jikoni kutafuta maji, mkono wake ukapapasa dirishani ukakutana na mbeta. Nilikuwa mlangoni na binti yangu, tukasimama. Alitoa miiko mmoja mmoja akailaza mezani. Akazungusha kidole kwenye ukingo, pale ilipokatwa. Akaishika chini, kwenye fundo. Kisha akaiinua mpaka puani, akavuta pumzi, akabaki hivyo muda ambao ungetosha kumaliza Baba Yetu.

Alirudisha miiko yote. Nilisubiri aulize nimeitoa wapi.

"Usiiache hapa dirishani, mwanangu," akasema. "Jua litaipasua."

Nimeihamishia kwenye rafu ya chini, pembeni ya sufuria, upande usiofikiwa na jua.